Dedi yia ya miaka 13 na enka ya dogo mmoja

Siku ya kwanza nilivyorudi chuo mlinzi wa geti alinipigia saluti. Nilikuwa nimevaa shati la kawaida tu na begi mgongoni, lakini nadhani ni ule mwendo, ukishapiga kwata miaka kumi na moja mwili haukubali tena kutembea kama raia, basi akapiga na mi mkono ukapanda wenyewe bila kuniuliza, watoto waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaangua kicheko na kuanzia hapo jina langu likawa Afande. Mpaka leo. Hata lekchara akiita mahudhurio anasema Afande yupo?

Kabla hatujafika mbali, nyie wa Dar na Mombasa mnaosoma hapa msinisahihishe ngeli, Kiswahili changu nimefundishwa na sajini. Ndo tulivyo Uganda, kwa wengi hii ni lugha ya jeshi, wazee wa Kampala ukiwasalimia kwa Kiswahili bado wanaangalia mlango uko upande gani, wanakumbuka miaka ya sabini, enzi za Amin. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe mashuleni kwa lazima, lakini woga wa watu hauondolewi na baraza la mawaziri. Haya, tuendelee, maana nilichokuja kuongelea ni wanamichezo wa vyuo na wanacholipwa.

Nilianza chuo 2009, hapa hapa Kampala. 2010 baba akaugua, pesa ya karo ikaenda hospitali, nikaomba dedi yia, yaani unasimamisha masomo mwaka mmoja halafu unarudi kama hakuna kilichotokea. 2011 nikasikia jeshi linaandikisha, nikajiambia niende nikatafute karo. Kaweweta nikawa kuruta, kisha Singo kujiandaa na Somalia, kisha Mogadishu mara mbili, 2012 na tena 2016, katikati na baadaye nikakaa stoo kwa kota masta nikihesabu magunia ya unga, maharage, mafuta, sabuni. Nimetoka 2022. 2023 nikarudi chuo na barua yangu ya dedi yia iliyokunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo. Dada wa usajili akaiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena, akasema uncle, hii haiko kwenye sistimu. Zile maksi zangu za 2009 hazipo. Kwa hiyo fasti yia, mwaka wa kwanza, upya, nina miaka 35, nakaa na watoto ambao nilipokuwa naandika mitihani yangu ya kwanza wao walikuwa chekechea.

Kosi ni manunuzi na ugavi. Ukiniuliza kwa nini, nitakuambia kuhesabu ndo kitu pekee ninachokijua vizuri.

Sasa hasira zangu. Nilirudi na kinyongo fulani ambacho sikukisema kwa mtu. Nilikuwa nimesoma habari za Marekani, kwamba 1944 walipitisha sheria wanayoiita GI Bill, askari akirudi kutoka vitani serikali inamlipia masomo, na baada ya Vita Kuu ya Pili askari milioni 2.2 waliingia vyuo kwa sheria ile. Ile ya sasa, iliyokuja baada ya Septemba 11, inalipa karo mpaka miezi 36, inatoa pesa ya nyumba, na ya vitabu mpaka dola 1,000 kwa mwaka. Mi nimelipa kwa kiinua mgongo na kwa zile dola za Mogadishu zilizobaki baada ya kumjengea mama vyumba vitatu. Umoja wa Ulaya ulikuwa unatoa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari wetu kule Somalia, serikali ilikuwa inakata 200, na kuanzia Januari 2016 Ulaya wakapunguza asilimia 20. Silalamiki, kuna watu nyumbani hawajawahi kuishika hata dola moja. Lakini kila shilingi niliyolipa pale dirishani kwa mhasibu nilijua imetoka kwenye handaki gani.

Na pembeni yangu kwenye foleni hiyo hiyo ya karo kuna dogo wa miaka ishirini, anatoa kijibarua kilichopigwa muhuri wa idara ya michezo, anapita. Hajalipa karo. Kwa sababu anapiga mpira!

Nilimchukia siku hiyo hiyo. Na Mungu alivyo na utani wake, tukapangwa naye kundi moja la koswek, zile kazi za maksi kabla ya mtihani. Tuko watano, dogo haji kwenye mikutano, akija anasinzia, akiamka anauliza tuko swali la ngapi. Semista ya pili nikalifuta jina lake kwenye karatasi ya kundi kabla ya kukabidhi. Nilifanya hivyo bila huruma, jeshini mtu asiyefika zamu hawekwi kwenye orodha ya posho.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye hilo neno maana ndo chanzo cha haya yote. Posho. Kwenu huko posho ni hela, ya kikao, ya safari. Kwetu Uganda posho ni ugali. Jeshini ni vyote viwili, unga unaopimiwa ni posho, na zile dola za Somalia pia tulikuwa tunaziita posho, kwa hiyo askari akisema posho imechelewa unamwangalia kwanza usoni ujue ni njaa au ni deni. Siku dogo alipojua nimemfuta alikuja hosteli kwangu, hakunipigia kelele, alikaa kwenye ndoo akaniambia Afande, jana tulikuwa na mechi, tumerudi saa sita usiku. Nikamwambia si wanawapa posho? Akasema wanatupa. Nikamuuliza shilingi ngapi? Akanishangaa. Akasema posho, Afande, posho na maharage.

Nikacheka, naye akacheka, lakini baada ya hapo sikulala vizuri.

Mi naamka saa kumi na nusu alfajiri, huo ugonjwa hauponi, nakimbia kidogo kuzunguka kampasi. Wiki ile badala ya kupita barabarani nikapitia uwanjani. Saa kumi na moja na nusu, giza bado, nikasikia filimbi. Walikuwa kama ishirini na watano, wengine na njumu zilizopakwa gundi ya fundi viatu mpaka soli imekuwa na rangi mbili, taa ya uwanja hakuna, kocha amewasha taa za pikipiki ya boda aliyokuja nayo na wao wanakimbia ndani ya ule mwanga kwenda na kurudi. Dogo yuko namba saba. Nikakaa kwenye jiwe nikaangalia mpaka saa moja na nusu. Saa mbili tulikuwa na lekcha, akaja, akakaa nyuma, akasinzia. Safari hii nilijua kwa nini.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikachukua karatasi nikamhesabia saa zake kama ninavyohesabu magunia. Asubuhi saa mbili, jioni saa mbili, siku tano, hizo 20. Jimu 3. Mechi ya nyumbani pamoja na kikao cha kocha 5, ya ugenini kama ni Mbarara au Gulu siku nzima imekwenda, weka 14. Nikasema niwe mpole, niweke 30 kwa wiki. Semista wiki 17, inakuja saa 510. Karo anayosamehewa ni shilingi 1,400,000, zile ada nyingine za huku na huku, za maktaba na za mtihani na za gildi, yaani serikali ya wanafunzi, hizo analipa mwenyewe. Gawanya. Inatoka shilingi 2,700 na ushee kwa saa. Hiyo ni rolex moja, chapati ya kuviringisha na mayai mawili, pale getini, na usiombe kachumbari nyingi.

Na hiyo rolex haipewi mkononi. Anapewa kama karatasi yenye muhuri, anapita nayo dirishani, na sisi wengine kwenye foleni tunamwona kama mtu anayesaidiwa.

Hapo ndo nikaanza kufuatilia hii stori ya wanamichezo wa vyuo kulipwa, ambayo Marekani imewasumbua miaka na miaka. Kuna chama kinasimamia michezo ya vyuo, NCAA, kina kanuni kwamba mazoezi msimu ukiwa umeanza yasizidi saa 20 kwa wiki, na kila mtu anajua zinapita. Kwa miongo ilikuwa marufuku mchezaji kupata hata senti zaidi ya skolashipu, wakati mashindano yao ya basketi ya mwezi wa tatu peke yake, 2016 waliongeza mkataba wa TV wa dola bilioni 8.8 mpaka 2032. Mchezaji alikuwa anaitwa student-athlete, mwanafunzi-mwanamichezo, na hilo neno lilivyozaliwa ndo lilinikamata. Mwaka 1955 kijana mmoja wa chuo cha Fort Lewis huko Colorado, Ray Dennison, aliumia kichwa kwenye mechi akafa. Mjane wake akadai fidia kama mke wa mfanyakazi aliyefia kazini. NCAA chini ya Walter Byers wakalisambaza lile neno kila mahali, mwanafunzi-mwanamichezo, ili isije ikaonekana hawa ni wafanyakazi, na 1957 mahakama ya juu ya jimbo la Colorado ikamnyima yule mama. Byers mwenyewe alikuja kukiri uzeeni kwamba neno lilikuwa la kukwepa fidia. Unaona sasa. Neno tu. Kama posho.

Imewachukua mpaka juzi kubadilika. Juni 2021 mahakama ya juu kabisa ya Marekani, majaji tisa kwa sifuri, ikasema NCAA haiwezi kuwawekea dari wachezaji kwenye misaada inayohusu masomo yao, mwezi uliofuata wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo, na Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano kwamba vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo, na waliocheza kuanzia 2016 wagawane bilioni 2.8 za fidia. Nilimsomea dogo hizo namba kwenye simu tukiwa tunakula, akaacha kutafuna. Akauliza Afande, na sisi Waafrika tukienda? Ikabidi nimwambie ukweli, ukienda na viza ya mwanafunzi, ile F-1, kazi za nje zimebanwa, kwa hiyo wenzako wanasaini matangazo ya viatu na wewe unaogopa kurudishwa Entebbe. Akanitajia Arthur Kaluma aliyechezea Silverbacks, timu yetu ya taifa ya basketi, AfroBasket ya 2021 Kigali halafu akacheza Creighton, Kansas State na Texas. Nikamwambia huyo ni mzaliwa wa huko dogo, ana pasi yao.

Sasa msije mkaniambia Afande anataka vyuo vya Kampala vilipe mamilioni ya dola. Najua kiingilio cha mechi zetu ni bei ya soda. Ligi ya mpira ya vyuo imeanza 2012 tu, haina bilioni za TV, na hata zile nafasi 4,000 ambazo serikali inalipia kwenye vyuo vya umma, za wanamichezo ni 40. Lakini mdhamini yupo, jina lake liko kifuani kwa watoto. Bango la chuo pale barabarani lina picha ya nani? Si ya profesa. Ni ya timu imebeba kombe, na wazazi wanaleta watoto kwa lile bango. Kwenye basketi ndo usiseme, UCU Canons na KIU Titans ni timu za vyuo lakini ziko ligi ya taifa zinapambana na City Oilers, watu wazima wenye familia. Hiyo ni kazi. Ikiwa ndogo ni kazi ndogo.

Ninachotaka mimi ni kidogo sana na dogo ndo alinionyesha.

Mwaka wa pili, ugenini, dakika ya sitini na kitu, alikanyagwa akitua. Enka, kifundo cha mguu. Walimfunga barafu kwenye kavera, mfuko wa plastiki, akakaa kwenye kiti cha nyuma cha basi mguu juu ya begi la jezi mpaka Kampala, saa tano za njia. Kesho yake alikuja lekcha mguu mmoja kiatu mwingine ndala. Enka ilikuwa imevimba na kung'aa kama biringanya, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Eksirei shilingi 60,000, ilichangwa na wachezaji wenzake kwa simu, elfu mbili mbili, elfu tano, nilimwona anazisoma zile meseji moja moja na kusema asante kwa sauti ingawa hakuna aliyemsikia. Haukuvunjika, nyuzi zilikuwa zimechanika. Wiki kumi nje.

Semista iliyofuata akaenda na kijibarua chake dirishani, hakikupita. Basari imesitishwa mpaka mchezaji arudi kwenye hali ya kucheza. Iliandikwa vizuri, kwa heshima, na muhuri. Hana karo, na bila karo hakuna kadi ya mtihani. Kundi letu la koswek, lile lile nililomfuta, tukachanga nusu, nusu nyingine mama yake huko Kapchorwa akauza ng'ombe.

Nimekaa jeshini, najua askari akiumia mambo hayaendi kama kwenye karatasi, sitawadanganya. Lakini sijawahi kuona koplo amepigwa risasi ya mguu halafu wakamwambia mshahara umesitishwa mpaka urudi kwenye hali ya kupigana. Mtu akisema vile kambini hata wapishi wangemcheka. Pale chuoni hakuna aliyecheka, maana dogo hakuwa na mshahara wa kusitishwa, alikuwa anasaidiwa.

Mguu umepona mwaka huu, kiasi. Anacheza lakini ile kona yake ya kulia anaingia nayo kwa hesabu.

Wiki iliyopita tulikaa kwenye korido nje ya ofisi ya mhasibu, tunasubiri. Akaanza kuniuliza maswali ya pembeni pembeni. Afande, ni kweli Akii-Bua alikuwa polisi? Kweli, alishinda Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, na alikuwa polisi. Na Kiprotich wa marathoni ya London 2012? Magereza. Na Cheptegei, yule mkimbiaji? Polisi. Nikaona anaelekea wapi lakini na mimi nina mdomo, nikamwongezea kwamba timu ya jeshi letu, Simba, mwaka huo huo wa 1972 ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika ikafungwa na Hafia ya Guinea, na hata Marekani vijana wa West Point, chuo chao cha jeshi, wanaochezea timu ya Army hawaruhusiwi kufanya matangazo kama wenzao kwa sababu wao wanahesabiwa watumishi wa serikali, wana mshahara wao tayari.

Akanyamaza. Halafu akasema kwa hiyo mchezaji wa jeshi, akiwa benchi, mwisho wa mwezi anapata?

Anapata.

Akiwa na jeraha?

Nikamwambia dogo, umebakiza mwaka mmoja. Mi nimekaa miaka 13 natafuta huu mwaka uliobakiza wewe. Akasema najua Afande, wanaandikisha lini?

Sikumjibu. Mhasibu alikuwa amefungua dirisha, foleni ikasogea, sisi tukabaki tumekaa. Akauliza tena, safari hii hakuniangalia, wakipima afya wanaangalia na enka?

Nikasema wanaangalia. Wanakuambia uruke kwa mguu mmoja, mara kumi.

Akaweka begi chini. Akavua kiatu cha kulia, akasimama katikati ya korido na soksi yenye tundu kidoleni, akaruka. Watu wa foleni wakageuka. Akaruka tena. Mi nikajikuta nahesabu kwa sauti, ile sauti ya uwanjani, mbili, tatu, nne, na kwenye ya sita akashika ukuta.